Mzee wa Radi

Siku ile ya Kajiado mjinga alikuwa Kimeu, na hilo si la kusengenywa, maana yeye mwenyewe analikubali. Analikubali shingo upande, huku macho yakitafuta mtu wa kugawana naye lawama, lakini analikubali. Ukitaka kumsikia akilikubali vizuri, mnunulie chai na maandazi, na usimtaje shemeji yake kabla hajamaliza kutafuna.

Kimeu ni dereva wa lori la maji. Kitengela ni mji ambao mfereji ukifunguliwa hukohoa kwanza, kisha hutoa hewa, kisha hutoa hewa tena. Kwa hiyo mtu mwenye lori la maji husalimiwa kwa heshima kuliko pasta. Kimeu huchota kwenye kisima kimoja kule Kisaju, na foleni ya malori pale ni ndefu. Madereva wenzake hulala, hutafuna miraa, au huitukana serikali. Yeye alikuwa akitandaza kadi juu ya dashibodi.

Kadi zenyewe ni za mchezo wa kigeni ambao vijana wa Kitengela, na wazee kadhaa wasiotaka kutajwa, huuita Majoka. Zimechorwa wachawi, mazimwi na mbilikimo wenye ndevu, na maandishi madogo kama chawa. Kila mchezaji huja na pakiti yake aliyoiunda mwenyewe nyumbani, kadi hii ndani, ile nje. Nusu ya ushindi iko hapo, kabla hamjaketi. Kufanya lolote mezani unahitaji nguvu, nayo huitwa mana. Mana ni kama maji ya lori: unachota kwenye kadi moja, unaitumia kwenye nyingine, na usipoitumia zamu yako ikiisha, inamwagika yote. Kwa meza ya Kitengela mana huhesabiwa kwa maharagwe.

Watu wengi huchota mana kidogo kidogo, wanaita askari mmoja leo, mwingine kesho. Kimeu aliwadharau hao. "Nyinyi mnabeba mitungi," aliwaambia. "Mimi natafuta kisima."

Na alikipata. Aliunda pakiti ambayo moyo wake ulikuwa kadi mbili. Ya kwanza ni Kisima cha Mbilikimo: ukikilaza mezani kinakupa mana tatu. Ya pili ni Mchawi Pacha: ukimlipa mana mbili anakiamsha Kisima kisimame tena. Sasa fanya hesabu. Laza, chota tatu. Lipa mbili, amsha. Moja imebaki. Laza tena, lipa tena, mbili zimebaki. Ni kama ng'ombe anayekamwa, ananyweshwa maziwa yake mwenyewe, na bado ya kuuza yanabaki. Hapana mwisho. Maharagwe yanakwisha kabla ya mana.

Palikuwa na kadi ya tatu, Mzee wa Radi, kipara mwenye nyundo. Huyo alikuwa wa kuitumia hiyo mana: unamlipa kiasi unachotaka, naye anampiga mpinzani kwa kiasi hicho hicho. Ukimlipa moja anakwaruza. Ukimlipa milioni, mpinzani anachukua kofia yake anaenda nyumbani.

Lakini Kitengela hakuna aliyesubiri nyundo. Meza yao ilikuwa nyuma ya karakana ya Wanyoike, fundi seremala, Jumapili baada ya kanisa, vumbi la mbao likiwa limelala juu ya kila kitu isipokuwa thermosi. Na meza hiyo ilikuwa na adabu zake. Mtu akionyesha Kisima na Pacha wamekutana, mwenzake aliangusha kadi zake na kusema, "Nimekunja." Chai inamiminwa, mnachanganya upya. Kumwambia mtu amalize kazi mpaka mwisho ilikuwa kama kumwambia mgeni aoshe sahani aliyolia. Kwa hiyo Mzee wa Radi akakaa ndani ya pakiti miezi na miezi bila kuinua nyundo hata mara moja, na kila alipokuja mkononi mapema alimziba Kimeu nafasi.

"Huyu mzee anakula tu, hafanyi kazi," Kimeu akasema Jumapili moja, akamtoa. Mahali pake akaweka Mpiga Ramli mwingine, kadi ambayo kazi yake ni kunusa kisima kilipo na kukuletea. Kisha akamgeukia Mbeke.

Mbeke ni mdogo wa Kalunde, mke wa Kimeu. Hushona sare za shule, na mezani alicheza kwa kadi ambazo wengine wamezitupa: kuku wa vita, askari wasio na viatu, joka moja lenye mafua. Kimeu aliiita pakiti yake sufuria la makombo. Aliiita hivyo mezani, akaiita hivyo kwenye foleni ya kisima, akaiita hivyo hata siku ya mahari ya binamu yao, mbele ya wajomba. Na kila Jumapili, thermosi ikiisha, ni Mbeke aliyeambiwa, "Shem, si utuangalilie chai?"

"Shem, shika huyu mzee," akasema siku hiyo. "Amestaafu. Awe anakusalimia tu."

Sasa, kwa meza ile, kadi ya kuazimwa ina maneno yake na ya kupewa ina yake. Ukiazima unasema, "Nimekuazima," na kila mtu anajua itarudi. Ukitoa moja kwa moja, unapiga meza kwa kiganja, unasema, "Imekwenda." Basi. Imekwenda kama mbuzi aliyechinjwa. Kimeu alipiga kofi lililorusha maharagwe mpaka sakafuni.

"Imekwenda!"

Watu walicheka wakashika mbavu. Mbeke hakucheka. Alisema, "Asante, shemeji," akaifuta kadi vumbi la mbao kwa upindo wa leso, akaitia ndani ya pakiti yake.

*

Mashindano ya Kajiado yalikuwa ya nafasi moja. Mshindi angeenda Nairobi kuketi na wakali wa nchi nzima, wa pili angeenda nyumbani. Kimeu aliitaka nafasi hiyo kama mtu anavyotaka kivuli saa saba. Alikuwa ameshaitangaza. Alikuwa ameshamwita mchoraji, akamwambia aandike kwenye bamba la nyuma la lori, kwa rangi nyekundu: KISIMA HAKIKAUKI.

"Hiyo ni ya maji ama ya kadi?" wenzake kwenye foleni walimuuliza.

"Vyote," akajibu. "Mtakuja kunisalimia kwa miadi."

Jumamosi hiyo walisafiri kwa lori lenyewe, tangi likiwa tupu, watatu wamebanana mbele: Kimeu kwenye usukani, Wanyoike dirishani, Mbeke katikati na mkoba wake magotini.

"Shem, umebeba sufuria?"

"Nimebeba."

"Na kifuniko?"

"Kifuniko nitapata huko huko."

Wanyoike alikohoa akatazama swala nje ya dirisha. Kimeu alicheka peke yake mpaka Isinya.

Walichezea katika ukumbi wa kanisa moja mjini Kajiado, viti vya plastiki, bati likilia kwa joto. Refa alikuwa Nalangu, mwanamke wa hapo hapo, mrefu, mtulivu, mwenye kusalimia kila meza, "Sopa," na kungoja "Epa" yake kabla ya kusema jambo lingine. Alieleza sheria mara moja: kadi uicheze ikiwa yako; ukiwa umeazima, tangaza sasa. Hakuna aliyetangaza. Kimeu hakusikia vizuri, alikuwa anamwonyesha mtu wa Kiserian picha ya bamba la lori.

Na asubuhi ilimwendea kama siagi. Nzuki wa Embulbul aliona Kisima na Pacha wamekutana, akatikisa kichwa, akakunja. Nyawira wa Kiserian alinuna, akatazama mkono wake, akakunja. Hata mtu wa Kisaju, aliyekuwa na sifa ya ubishi, alisema, "Wacha tu, boss, nisipotezee watu muda." Kila aliyekunja alimwongezea Kimeu sentimita moja ya shingo. Upande wa pili wa ukumbi hakutazama. Alishtuka majina yalipoitwa: fainali, Kimeu na Mbeke, wote wa Kitengela.

Alicheka. Kisha akaona hacheki na mtu.

"Shem," akasema akiketi, kwa sauti ya chini, ya nyumbani. "Hii imebaki ya familia. Kunja mapema tukule mapema. Mimi ndiye najulikana. Nikienda Nairobi ni kama umeenda."

"Tucheze, shemeji."

"Nakuambia kwa wema."

"Nimesikia. Kata kadi."

Hapo ndipo hasira ilipomwingia Kimeu mara ya kwanza, ndogo, kama kokoto ndani ya kiatu. Akacheza kwa kelele. Akaziangusha kadi badala ya kuziweka. Mbeke akaita kuku wake wa vita mmoja mmoja, wakamdonoa Kimeu hapa, wakamdonoa pale. Kimeu hakujikinga. Mtu mwenye kisima njiani hakimbizani na kuku. Kufikia katikati alikuwa amebakiwa na pointi nne tu za uhai, na hakujali, kwa sababu Mpiga Ramli alikuwa amenusa, Kisima kimefika, na sasa, hewani, taratibu, ili wa nyuma nao waone, akamshusha Mchawi Pacha.

"Laza, tatu," akasema. "Lipa mbili. Amsha. Laza, tatu. Lipa mbili. Amsha. Refa, niendelee ama umeelewa?"

"Nimeelewa. Taja kiasi."

"Milioni."

"Milioni nimesikia," Nalangu akasema.

Kimeu akaegemea kiti, akakunja mikono, akatazama dari kwa upole wa mshindi. Akangoja neno moja.

Mbeke alitazama Kisima. Akamtazama Pacha. Akatazama maharagwe, akainua macho.

"Haya," akasema. "Maliza."

"Nini?"

"Maliza. Uko na mana milioni. Nipige."

"Shem, si umeona hiyo kitu?"

"Nimeona. Maji ni mengi. Nimwagie basi."

Kimeu alitazama mkono wake. Wapiga Ramli wawili na Kisima kingine. Akamcheza Mpiga Ramli wa kwanza; akamletea kisima. Akamcheza wa pili, akamletea kisima. Visima vikajipanga mbele yake kama mwaka wa uchaguzi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na la kufanya. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni.

"Buda, maliza tukule!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ilikuwa ya Embulbul.

"Kimeu," Nalangu akauliza, "uko na kitu cha kutumia hiyo mana?"

"Kwetu watu hukunja!"

"Kwenu ni wapi?"

"Kitengela!"

"Na hapa ni wapi?"

"Msinichezee!" Kimeu alisimama, kiti kikaanguka. "Huyu anajua vizuri! Tunacheza meza moja kila Jumapili! Kila mtu akiona hivi anakunja, hiyo ni heshima, hiyo ni adabu! Huyu ananifanyia makusudi!"

"Keti," Nalangu akasema, bila kupandisha sauti. "Hakuna sheria ya kumlazimisha mtu akunje. Una kitu, huna?"

Kimeu akazipekua kadi zake upya. Kisha Nyawira wa Kiserian, ambaye alikuwa amekunja asubuhi na sasa alikuwa anaelewa alichokunjia, akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Kumbe hana! Ngai! Ako na lori mzima ya maji na hana kikombe!"

Ukumbi ulilipuka. Nzuki alipiga ukuta kwa ngumi, si kwa kicheko, kwa uchungu. Mtu wa Kisaju alisema neno ambalo kanisani halisemwi. Kimeu aliyasikia yote kama mvua juu ya bati, haelewi tone hili na lile, anaelewa tu kwamba analowa. Zamu ikaisha. Milioni ikamwagika.

Mbeke alichota mana yake, ya mitungi, ya kawaida. Maharagwe manne. Akaweka kadi moja mezani, polepole, akaigeuza imwelekee Kimeu ili aisome bila shida. Kipara. Nyundo.

"Uliniambia awe ananisalimia," akasema. "Leo amekuja kukusalimia wewe."

Akasukuma maharagwe yote manne.

*

Lori lilikuwa limeegeshwa nje ya ua, na maandishi mekundu yalikuwa yanaangalia barabara. Kimeu aliupiga teke mtaimbo uliokuwa kando ya gurudumu, ukamuumiza yeye. Hilo nalo likawa kosa la Mbeke.

"Umeiba!" akafoka alipomwona anatoka na Wanyoike, cheti mkononi. "Umeiba mchezo! Mwizi wa nyumbani haonekani, lakini mimi nimekuona! Hiyo kadi ni yangu!"

"Ni yako vipi?"

"Nilikuazima! Nilikuazima, na hukutangaza. Refa alisema kadi ya kuazima itangazwe. Nitarudi ndani sasa hivi nimwambie, na hiyo nafasi wataitoa kwako waniletee mimi. Wanyoike! Wewe ulikuwa hapo. Mwambie. Nilisema nimekuazima."

Wanyoike alikuwa rafiki wa Kimeu tangu wote wawili wabebe mawe Kiserian, kabla huyu hajapata lori na yule hajapata randa. Alijikuna kidevu muda mrefu. Wachezaji wengine walikuwa wanatoka ukumbini, na kila aliyetoka alipunguza mwendo.

"Kimeu," akasema, "mimi nilisikia kofi."

"Kofi gani?"

"La meza. Maharagwe yaliruka mpaka chini ya mashine. Niliyaokota mimi. Mengine yako hapo hadi leo."

"Uko upande gani wewe?"

"Upande wa mtu aliyeokota maharagwe."

Nzuki wa Embulbul alicheka puani. Kimeu akamgeukia, akaona hawezi kupigana na kila mtu, akarudi kwa yule wa karibu.

"Sawa! Nilipiga meza! Na nikasema imekwenda! Lakini nilikuwa nafanya mzaha! Kila mtu alicheka! Kitu cha mzaha si zawadi. Shem, wewe ni mtu mzima, huwezi kuchukua mzaha uende nao Nairobi!"

"Mzaha," Mbeke akasema.

"Mzaha, ndio!"

"Na sufuria la makombo?"

"Hiyo pia mzaha! Unanijua, mimi ni mtu wa mzaha!"

"Mbele ya wajomba?"

"Shem…"

"Nilisimama pale na sahani za watu mikononi, wajomba wa bwana harusi wakauliza, 'Ni sufuria gani hiyo?', na wewe ukawaeleza. Ukaeleza vizuri. Ukaniigiza hata ninavyoshika kadi." Akamsogelea hatua moja. "Nimepika chai ya hiyo meza tangu nianze kuketi hapo. Hakuna siku umeuliza nacheza nini. Ungeuliza, ungejua mzee wako yuko wapi. Ungeuliza hata leo asubuhi kwa gari, tulikuwa tumekaa bega kwa bega! Uliuliza kifuniko."

"Usilete mambo ya nyumbani hapa!"

"Wewe ndiye ulisema hii ni ya familia."

"Basi kama ni familia, nirudishie!" Kimeu akanyoosha mkono, kiganja juu, kile kile kiganja. Alikuwa anatoa jasho, na macho yake yalikuwa mekundu kama herufi za bamba. "Nirudishie kadi yangu hapa, mbele ya watu wote, twende kwa refa tumwambie ukweli. La sivyo hupandi hii lori. Utarudi Kitengela na miguu! Na Kalunde nitamwambia mimi mwenyewe! Nani aliinunua hiyo kadi? Nani aliilea? Ni yangu! Imekuwa yangu siku zote! Ni yangu!"

Nalangu alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na funguo za ukumbi. Watu wote walimtazama Mbeke. Alifungua mkoba, akatoa kile kipara chenye nyundo, akakishika mahali Kimeu angeweza kukifikia kama angethubutu.

"Hii kadi haikuwa yako, shemeji," akasema, "mpaka ilipokuchapa."